Maisha ya Lord Delamere na Hati Zake

Wengi wetu tumelisikia jina la Lord Delamere, hasa sisi tupitao Naivasha na Nakuru tunapokuja shuleni. Napenda kuwaeleza kwa ufupi maisha yake, na zaidi habari za hati zake za biashara.

Jina lake lilikuwa Hugh Cholmondeley. Alizaliwa Uingereza mwaka 1870. Baba yake alipofariki mwaka 1887, alirithi cheo na shamba kubwa la Vale Royal huko Cheshire. Alikuwa na umri wa miaka 17, sawa na wangu mimi. Lakini kukaa kwao hakukumpendeza. Alikwenda kuwinda katika nchi ya Wasomali, na huko mwaka 1894 simba alimrarua mguu. Aliyemwokoa ni mbeba bunduki wake, Abdullah Ashur, aliyemrukia simba yule. Tangu siku hiyo Lord Delamere alichechemea. Mwaka 1897 alifika Kenya kutoka kaskazini pamoja na msafara wa ngamia, akaziona nyanda za juu, akazipenda.

Mwaka 1903 alipata hati yake kubwa. Serikali ya kikoloni ilimkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Masharti yalikuwa alipe kodi ya pauni 200 kwa mwaka, na atumie pauni 5,000 kuliendeleza shamba katika miaka 5 ya kwanza. Nimepiga hesabu, nikaona kwamba kodi ya ekari moja haikutimia hata nusu peni kwa mwaka.

Mwaka uliofuata iliandikwa hati nyingine. Kwa mkataba wa Agosti 1904, Wamaasai walitolewa katika Bonde la Ufa, wengine wakahamishiwa Laikipia na wengine kusini. Mkataba ule uliahidi kudumu maadamu kabila la Wamaasai lingalipo. Mwaka 1911 mkataba mpya ukawatoa Laikipia pia, na walipokwenda mahakamani mwaka 1913 walishindwa. Basi mlowezi alipewa miaka 99, na ahadi ya Wamaasai ikakaa miaka 7. Lord Delamere mwenyewe aliwapenda Wamaasai, akajua lugha yao na kuwaajiri wachunge mifugo yake. Hata hivyo aliwaongoza walowezi waliodai nyanda za juu ziwe za Wazungu peke yao.

Wala msidhani utajiri ulimjia mbio. Nyasi za Njoro zilipungukiwa na madini, kondoo na ng'ombe wake wakafa kwa wingi. Akahamishia mifugo Soysambu, karibu na Elmenteita. Njoro akapanda ngano, nayo ikashikwa na ugonjwa wa kutu. Hakukata tamaa, bali aliajiri mtaalamu achanganye mbegu mpaka zipatikane zenye kustahimili. Mwaka 1908 alianzisha kampuni ya kusaga, Unga, ambayo jina lake tunalijua sote. Fedha za kazi hizo alizipata kwa kuiweka rehani Vale Royal na kukopa katika mabenki. Alipofariki tarehe 13 Novemba 1931 alikuwa na deni la pauni 500,000 hivi.

Sanamu yake ilisimama Nairobi, katika barabara iliyoitwa kwa jina lake, hata tulipopata Uhuru mwaka 1963 ikaondolewa. Barabara ile sasa ni Kenyatta Avenue.

Kwa maoni yangu, Lord Delamere alikuwa mtu wa bidii, na majaribio yake ya ngano yaliwafaa wakulima waliokuja baadaye. Lakini hasara zake ziliandikwa vitabuni pauni kwa pauni, nasi twaweza kuzisoma. Malisho na visima walivyoviacha Wamaasai havikuandikwa katika daftari la mtu yeyote. Kwa hiyo, ndugu wanafunzi, tukisoma habari za mwenye shamba mkubwa, tuulize pia ni nani aliyekuwa akichunga pale kabla yake, nasi tuwaulize wazee wetu wangali hai.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne