PAUL EHRLICH NA MBUZI WAKE

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika gazeti letu la shule tumezoea kusoma maisha ya wafalme, majemadari na wasafiri. Muhula huu naomba nafasi niwaletee maisha ya daktari mmoja wa Ujerumani, Paul Ehrlich. Wengi humkumbuka kwa dawa yake ya kaswende. Mimi namkumbuka zaidi kwa swali aliloliuliza juu ya mbuzi, swali ambalo jibu lake lilichelewa zaidi ya miaka tisini.

Alizaliwa tarehe 14 Machi, 1854, katika mji mdogo wa Strehlen, ambao siku hizo ulikuwa wa ufalme wa Prussia na sasa umo katika nchi ya Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Alisoma udaktari katika vyuo kadha wa kadha, akapata shahada yake Leipzig mwaka 1878. Lakini tangu ujana wake kilichomvuta hasa ni rangi. Zamani hizo viwanda vya Ujerumani vilikuwa vikitengeneza rangi mpya za kutia nguo, na ndugu yake mmoja, Karl Weigert, alimwonyesha jinsi ya kuzitumia katika kazi ya hadubini. Ehrlich alizitia katika vipande vyembamba vya mwili, akaona kuwa rangi moja hushika chembe za namna fulani na kuziacha nyingine. Akawaza kwamba kila chembe ina mahali pake pa kushikia kitu, kama kufuli na ufunguo wake. Wazo hilo hakuliacha mpaka kufa kwake.

Alifanya kazi katika hospitali ya Charité mjini Berlin. Mwaka 1882, Robert Koch alipotangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu, Ehrlich alitafuta njia bora zaidi ya kukitia rangi ili kionekane. Baadaye maradhi yale yale yakamshika yeye mwenyewe, akaenda kukaa Misri kwa ajili ya hewa kavu, akarudi akiwa amepona. Kisha Koch akampa nafasi katika taasisi yake. Hapo alimsaidia Emil von Behring katika kazi ya dawa ya dondakoo, maradhi yaliyokuwa yakiwaua watoto wengi kwa kuwaziba koo. Ehrlich ndiye aliyetafuta kipimo cha dawa ile, ili daktari ajue nguvu ya kila chupa. Mwaka 1899 alihamia Frankfurt kuongoza taasisi yake mwenyewe.

Sasa nafika kwenye mbuzi. Ehrlich na mwenzake, Julius Morgenroth, walichukua damu ya mbuzi mmoja wakamchoma nayo mbuzi mwingine. Mwili wa yule aliyechomwa uliiona damu ile kuwa ni adui, ukatengeneza kingamwili, yaani vitu vya kupigana na adui viogeleavyo katika damu. Kingamwili hizo ziliziyeyusha chembe nyekundu za mbuzi wengine. Walakini chembe za mbuzi mwenyewe hazikuguswa. Walijaribu tena na tena, na kila mara mambo yalikuwa yale yale. Mbuzi aliweza kutengeneza silaha juu ya damu ya mbuzi mwenziwe, lakini si juu ya damu yake.

Mtu mwingine angaliona hili kuwa ni jambo la kawaida. Ehrlich alistaajabu. Mwili wawezaje kujua kilicho chake na kilicho cha mwingine, hali vyote viwili ni damu ya mbuzi? Mnamo mwaka 1901 aliliita jambo hili kwa Kilatini horror autotoxicus, maana yake hofu ya kujitia sumu. Akaandika kwamba mwili hauna budi kuwa na njia fulani za kuzuia silaha zake zisiugeukie wenyewe, na kwamba njia hizo zikivunjika, maradhi yaweza kutokea. Naomba msomaji aliangalie neno hilo la mwisho, maana waliomfuata wengi walilisahau. Walisema Ehrlich amefundisha kwamba mwili hauwezi kujishambulia kamwe, na kwa karibu miaka hamsini madaktari wengi hawakuyatafuta maradhi ya namna hiyo.

Nami nina sababu yangu ya kukaa hapa kidogo. Mdogo wangu alishikwa na kisukari akiwa na umri wa miaka tisa. Majirani walisema amerogwa, na wengine walimlaumu mama kwamba alimlisha sukari nyingi. Hakuna lililo kweli katika hayo. Kisukari cha namna yake huja kwa sababu askari wa mwili wameingia katika kongosho na kuziua chembe zitengenezazo insulini. Ni horror autotoxicus iliyovunjika. Laiti majirani wangalizijua habari za mbuzi wale, mama angalipumzika.

Ehrlich hakulipata jibu. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ilya Mechnikov kwa kazi yao juu ya kinga ya mwili. Mwaka uliofuata yeye na Mjapani Sahachiro Hata waligundua kwamba dawa yao ya namba 606, iliyokwisha wekwa kando, huua kijidudu cha kaswende. Habari hizo zimekwisha andikwa sana, nazipita. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, jambo ambalo halikumfaa kwa afya. Alikufa tarehe 20 Agosti, 1915, akazikwa Frankfurt. Manazi walipotawala walilifuta jina lake katika mtaa wa mji huo kwa kuwa alikuwa Myahudi, na mkewe Hedwig akaikimbia nchi. Baada ya vita jina lilirudishwa.

Mwaka 1956 ilionyeshwa Marekani kwamba sungura aliyechomwa sindano ya tezi ya shingo yake mwenyewe aweza kutengeneza kingamwili za kuishambulia tezi hiyo. Basi ilijulikana kuwa hofu ile yaweza kuvunjika. Lakini ni nani aishikaye isivunjike?

Jibu moja kubwa lilitoka Japani. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi alichukua chembe nyeupe za damu za panya, zile ziitwazo chembe za T, akaziondoa chache zenye alama iitwayo CD25. Zilizobaki alizitia katika panya wasio na chembe za T. Panya wale wakaugua, miili yao ikashambulia tezi, tumbo na viungo vingine. Alipozirudisha zile chache, maradhi yalizuiwa. Kumbe miongoni mwa askari wamo wasimamizi, na kazi yao ni kuwatuliza wenzao! Huwanyang'anya askari kitu kiwakuzacho, na hutoa vitu vya kupooza vita. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell waliipata jeni iitwayo FOXP3, ambayo baadaye ilionekana kuwa ndiyo iziongozayo chembe hizo. Mvulana azaliwaye na kasoro katika jeni hiyo huugua vibaya tangu uchanga, na mara nyingi kisukari ni mojawapo ya maradhi yake. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025.

Wasimamizi wakizidi nao huleta hasara, maana saratani hujificha nyuma yao na askari wakazuiwa kuipiga. Kwa hiyo wataalamu wanatafuta njia mbili zilizo kinyume: kuwapunguza wasimamizi kwa mgonjwa wa saratani, na kuwaongeza kwa mgonjwa wa kisukari cha utotoni au aliyepewa figo ya mtu mwingine. Matibabu ya kuwaongeza yamekwisha jaribiwa kwa wagonjwa wachache, na majaribio yanaendelea.