Fanny Crosby, kipofu mtunga nyimbo

Fanny Crosby alizaliwa Marekani mwaka wa 1820. Macho yake yalikufa akiwa mtoto mchanga, na baba yake akafariki mwaka uleule. Mama akaenda kutumika mu nyumba za watu. Basi bibi yake akamsomea Biblia kila mara, mpaka mtoto akashika sura nzima kwa kichwa. Mwaka wa 1835 akaingia masomo ya vipofu kule New York, kisha akakuwa mwalimu palepale. Tangu 1864 mpaka kufa kwake, 1915, alitunga nyimbo za kanisa zaidi ya 8000. Ghala yake ilikuwa yale maneno ya utoto.

Sisi tuko na macho mawili, lakini taa ikizimika tu, tunasema masomo yamekwisha! Wadogo wetu, tushike Neno kwa kichwa tungali vijana. Hilo, giza haliwezi kutunyang'anya.