Richard Burton, mtoto wa mchimba makaa

Wanaopenda sinema za zamani wanamjua kwa sura na zaidi kwa sauti. Njo yeye askari wa Roma mu La Tunique, njo yeye Antoine pembeni ya Elizabeth Taylor mu Cléopâtre, njo yeye afisa mwenye kupanda ngome ya Wajerumani mu Quand les aigles attaquent. Lakini wengi hawajue kama baba yake alikuwa mtu wa shimo, sawa baba za wengi wenye kusoma ukurasa huu. Wandugu zake pia walishuka. Yeye hakushuka. Namna gani alipona, na wale waliobaki chini walikuwa nini kwake mpaka mwisho, njo habari tunayotaka kuwasimulia leo.

Jina lake la kuzaliwa ni Richard Jenkins. Alizaliwa tarehe 10 mwezi wa 11, mwaka wa 1925, mu kijiji cha Pontrhydyfen, kusini ya Wales, ile inchi ndogo ya milima tunayoita mu Kifaransa Pays de Galles. Iko chini ya utawala wa Uingereza, lakini iko na luga yake, na mu nyumba ya akina Jenkins walisema ile luga. Kiingereza, kile kilichokuja kumpa feza na sifa, mtoto alikifundishwa ku masomo.

Mama yake alizaa watoto 13. Richard alikuwa wa 12. Alikuwa bado hajatimiza miaka miwili wakati mama alizaa wa mwisho, na siku chache nyuma ya ule uzazi, mama akafa. Baba angefanya nini na mtoto mdogo vile? Dada yake mkubwa, Cecilia, alimchukua na kumpeleka kwake Taibach, mu muji wa Port Talbot. Cecilia aliolewa na mchimba makaa mwingine, Elfed James. Kwa hiyo mtoto alitoka nyumba moja ya mchimbaji na kuingia mu nyingine. Maisha yake yote alimhesabia Cecilia kuwa mama, na yaya yake Ifor, aliyemzidi karibu miaka 20 na aliyekuwa mu makaa pia, alimhesabia kuwa baba.

Na baba mwenyewe? Alikuwa mtu mfupi, hodari wa kazi, hodari wa pombe vilevile. Siku ya mshahara ikifika, angeweza kupotea na kurudi wakati feza zimekwisha. Tunajua wasomaji watacheka, na wamama watakuwa wa kwanza. Lakini Richard hakumdharau. Mu mwaka wa 1980, alipohojiwa ku televisheni ya Marekani, alieleza kwa muda mrefu namna baba yake alivyopenda ule mshipa wa makaa: namna alivyosimama mbele ya ukuta mweusi, akauangalia, akatafuta pahali pamoja tu pa kupiga sururu, na tani nyingi zikaanguka kwa pigo moja. Alisema wachimbaji wa kwao walijiona kuwa mabwana wakubwa kati ya wafanyakazi wote. Yule aliyekuwa akisema vile alikuwa amevaa vizuri, amekaa mu kiti mbele ya kamera. Anayejua shimo atasikia mule heshima, na haya kidogo.

Kilichomponesha kwanza ni masomo, na karibu yamponyoke. Alikuwa mwenye akili na aliingia secondaire. Lakini mu mwaka wa 1941 feza zilikuwa kidogo mu nyumba, na shemeji Elfed akamtosha masomoni na kumtafutia kazi mu duka la kooperative, kuuza nguo na vitambaa. Usimlaumu Elfed mbio. Mtu mwenye kulisha watoto wake na shemeji juu kwa mshahara wa makaa, anapiga hesabu yake. Kijana alichukia ile kazi kabisa. Walimu njo walimpigania mpaka akarudishwa ku masomo, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa aliyekwisha kuacha.

Mmoja wao aliitwa Philip Burton. Yeye pia mtoto wa mchimbaji, na baba yake alikufa kwa aksida mu shimo. Alipenda tiatre kuliko yote. Alimkaribisha Richard, alimfundisha kusema Kiingereza wazi, na alimpeleka juu ya vilima kupiga sauti mpaka isikike mbali pasipo kulalamika wala kupasuka. Ile sauti watu waliyoisifu kuwa zawadi ya kuzaliwa ilikuwa pia jasho. Mu mwaka wa 1943 Philip alitaka kumfanya mtoto wake mbele ya sheria. Sheria ilidai mzazi amzidi mtoto kwa miaka 21, na yeye alipungukiwa siku 20 tu! Basi akawa mlezi wake wa sheria, baba akatia mukono ku karatasi, na Richard Jenkins akawa Richard Burton. Tunafikiri baba kumwachia mwalimu jina la mtoto wake haikuwa jambo jepesi, hata kwa mlevi.

Kutoka pale mambo yalikwenda mbio. Emlyn Williams, mwandishi na mchezaji wa Wales, alimchukua mu tiatre yake ya kwanza, The Druid's Rest, mu mwaka wa 1943. Alikaa miezi sita Oxford, akatumika mu jeshi la ndege mpaka 1947. Mu 1949 alitoka mu sinema yake ya kwanza na akaoa Sybil Williams, binti wa Wales. Nyuma ya miaka mitatu Hollywood ilikuwa imemwita. La Tunique, ya 1953, ilikuwa sinema ya kwanza kuonyeshwa kwa ile skrini pana ya CinemaScope, na ilimfanya ajulikane ku dunia nzima.

Mu 1957 alihamia Céligny, Uswisi, kusudi akimbie kodi ya Uingereza. Ule mwaka baba yake alikufa, na yeye hakwenda kumzika.

Habari ya Elizabeth Taylor tutaipitisha upesi, kwa sababu magazeti yamekwisha kuila mpaka mifupa. Walikutana Roma wakati wa kupiga Cléopâtre, kila mmoja na ndoa yake. Vatikani ilikasirika, dunia ikapiga kelele. Alimwacha Sybil na mabinti wawili, akaoa Elizabeth mu 1964, wakaachana mu 1974, wakaoana tena mu 1975 mu Botswana, pembeni ya mto Chobe, wakaachana tena mwaka uliofuata. Walipata mamilioni na waliyatawanya.

Lakini kuna jambo moja la ile ndoa ambalo wachimbaji wapaswa kulijua. Mu 1969 Burton alimnunulia bibi yake almasi ya karati 69,42 kwa zaidi ya dolari milioni moja. Kompani ya Cartier ilikuwa imemshinda ku mnada, naye akainunua kwao kesho yake. Lile jiwe lilitoka mu mine ya Premier, Afrika ya Kusini, mu 1966, na mbele ya kukatwa lilikuwa na karati karibu 241. Mtoto wa mchimbaji alilipa mali ya namna ile kwa kitu ambacho mchimbaji mwingine alikitosha udongoni. Tungependa kujua kama aliwaza juu ya yule mtu.

Feza haikumsahaulisha kwao. Aliwasaidia wandugu zake, akamtosha Ifor mu makaa na kumweka karibu naye ku kazi. Na pale njo palitokea pigo lililomvunja. Mu 1968 Ifor alianguka ku nyumba ya Céligny, akavunja shingo, akapooza. Aliishi vile mpaka 1972. Yule aliyepona miaka ya shimo alivunjika pahali pa starehe, ku nyumba ya mdogo wake. Burton alijihukumu juu ya ile lufu. Alikuwa akinywa sana tangu zamani, lakini nyuma ya Ifor alikunywa kama mtu mwenye kutafuta kitu chini ya chupa. Mu 1974 pombe ilimlaza ku hospitali, nusura afe.

Kazi haikulala. Mara saba alipendekezwa kwa Oscar, kwa sinema kama Becket, L'Espion qui venait du froid na Equus. Mara saba alirudi mikono mitupu.

Sisi wa Katanga tunamkuta tena mu 1978, mu Les Oies sauvages, na pale hatumsifu. Alicheza kolonel wa mamluki wenye kulipwa kwenda kumwokoa kiongozi wa Afrika aliyefungwa. Yule kiongozi anafanana na Moïse Tshombe, aliyetekwa mu ndege mu 1967 na kufa kifungoni Algérie mu 1969. Mshauri wa vita mu ile sinema alikuwa Mike Hoare mwenyewe, kamanda wa mamluki mu inchi yetu. Burton anacheza vizuri, ndiyo. Lakini mamluki wanaonekana wazee wapole wenye moyo, na wanakijiji wanaanguka tu mbele ya bunduki bila jina. Wazee wetu waliowaona wale watu kwa macho wana habari nyingine.

Sinema yake ya mwisho ilikuwa 1984, mule anacheza mtesaji mwenye sauti ya upole. Hakuona ikitoka. Tarehe 5 mwezi wa 8, 1984, mshipa ulipasuka mu kichwa, akafa Uswisi na miaka 58. Bibi yake wa mwisho, Sally, aliyemwoa mwaka mmoja mbele, alimzika pale Céligny. Walimvalisha nguo nyekundu, rangi ya Wales, na wakaweka mu sanduku kitabu cha mashairi ya Dylan Thomas, mtu wa kwao. Wandugu zake waliimba kaburini mu luga ya nyumbani. Kisha kanisa la Pontrhydyfen likafanya ibada yake, na wale wa bonde ambao Cecilia na Ifor walikulia kati yao wakaimba tena, wengi wao mapafu yakiwa na vumbi la makaa.