Rabindranath Tagore na Somo la Utamaduni wa Majirani

Rabindranath Tagore alizaliwa mjini Calcutta tarehe 7 Mei 1861, wakati Bara Hindi ilipokuwa ikitawaliwa na Waingereza. Shule alizopelekwa hazikumvutia, kwani mafunzo yake yalikuwa ya kukariri ndani ya kuta nne. Elimu yake kubwa aliipata nyumbani.

Mwaka 1901 alifungua shule yake mwenyewe huko Santiniketan, akiwa na wanafunzi watano tu. Masomo yalifanyika chini ya miti. Nyimbo, michoro na kazi za mikono vikapewa heshima sawa na vitabu. Mwaka 1913 alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi, akiwa mtu wa kwanza wa Asia kuipata.

Aliona kasoro moja kubwa katika elimu ya kikoloni: mtoto wa Bengali alisoma mengi juu ya Uingereza, lakini machache mno juu ya Uchina, Japani na Java, ingawa dini na hadithi za Bara Hindi zilikuwa zimefika huko tangu kale. Kwa hiyo, katika miaka ya mwanzo ya shule alimwalika mwalimu wa judo kutoka Japani. Alipoanzisha chuo cha Visva-Bharati mwaka 1921, mtaalamu Mfaransa Sylvain Lévi alianza kufundisha humo Kichina na Kitibeti. Mwaka 1924 Tagore alizuru Uchina, na mwaka 1927 Java na Bali. Ufundi wa batiki kutoka Java ukaingia Santiniketan. Mwaka 1937 ilifunguliwa Cheena Bhavana, idara ya masomo ya Kichina, chini ya Tan Yun-Shan, Mchina mwenyewe.

Hata hivyo, Tagore hakuwapamba majirani. Mwaka 1916, akiwa Japani, alikemea utaifa wa kivita, na wengi waliokuwa wamemshangilia wakampa kisogo. Huko Uchina baadhi ya vijana walimpinga, wakihofu kwamba anawarudisha kwenye mambo ya kale. Mwaka 1938, Japani ilipokuwa ikiishambulia Uchina, aliulaumu uvamizi huo waziwazi katika barua zake kwa mshairi Mjapani Yone Noguchi, ambaye awali alikuwa rafiki yake.

Alifariki tarehe 7 Agosti 1941. Mwaka 1951 Visva-Bharati ikawa chuo kikuu cha taifa la India.

Maisha haya yana mafunzo kwa mwalimu wa shule ya msingi. Somo la majirani lisiishie kwenye ramani na majina ya miji mikuu. Wanafunzi na washike kitu kilichotengenezwa na jirani, wajifunze maneno ya lugha yake, waimbe wimbo wake. Na panapowezekana, jirani mwenyewe aalikwe darasani. Aidha, mwalimu asifiche makosa ya jirani, wala asiyafanye kuwa sababu ya kumdharau. Heshima isiyokuwa na ukweli haidumu.