Mama Kevina: Mtawa aliyempa msichana zaidi ya mafunzo ya jikoni

ENZI ambapo shule nyingi za misheni ziliwaandaa wasichana kuwa wake wema wa machifu na makatekista, Mama Kevina aliwatakia makubwa zaidi.

Alizaliwa Ireland mnamo 1875 kwa jina Teresa Kearney, akafika Nsambya, Uganda, Januari 1903 pamoja na watawa wenzake watano. Wakati huo, eneo la Kanisa la Upper Nile, chini ya wamisionari wa Mill Hill, lilienea hadi Gusii, Ogembo ikiwemo.

Mnamo 1923 alianzisha huko Nkokonjeru shirika la watawa Waafrika, Little Sisters of St Francis, ambao walihudumu kama walimu na wauguzi. Wakati huo sheria ya Kanisa iliwazuia watawa kuzalisha akina mama. Alipigania ibadilishwe, na Roma ikaridhia mnamo 1936. Mwaka wa 1942 alianzisha shule ya wasichana ya Namagunga.

Alifariki Marekani mnamo 1957. Mwili wake ukarejeshwa na kuzikwa Nkokonjeru. Maisha yake yalidhihirisha kwamba shule inayomwandaa binti kwa ajili ya ndoa pekee humpa nusu ya elimu anayostahili.