Richard Seddon na Malipo ya Wazee

Marehemu Richard John Seddon, aliyekuwa Waziri Mkuu wa New Zealand tangu mwaka 1893 hadi alipofariki mwaka 1906, hakuwa mtu wa elimu nyingi. Alizaliwa tarehe 22 Juni, 1845, huko Eccleston, karibu na mji wa St Helens, kaskazini-magharibi ya Uingereza. Wazazi wake wote wawili walikuwa walimu, lakini mtoto wao hakupenda vitabu. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akafanya kazi katika shamba la babu yake, kisha akajifunza ufundi wa mitambo. Mwaka 1863 alipanda meli kwenda Australia, na mwaka 1866 akavuka bahari tena hadi pwani ya magharibi ya New Zealand, ambako sifa za dhahabu mpya zilikuwa zimeenea.

Dhahabu haikumtajirisha. Alifungua duka, baadaye hoteli katika mji wa Kumara, na kwa kuwa alikuwa na sauti kubwa na kichwa chepesi, wachimbaji walimtuma awasemee mashauri yao mbele ya hakimu wa machimbo. Mwaka 1877 akawa meya wa Kumara. Mwaka 1879 akaingia Bungeni.

Hapana budi kuwafahamu watu hao wa machimboni, kwa maana wao ndio asili ya habari hii. Walikuja wakiwa vijana, wengi wao bila wake, kutoka Uingereza, Ireland, Ujerumani na China. Walichimba mifereji, wakapasua barabara, wakafyeka misitu. Miaka 30 ikapita. Dhahabu ya juu juu ikaisha, na vijana wale wakawa vikongwe wenye migongo iliyopinda, wakiishi peke yao katika vibanda, hawana mwana wala ukoo. Sisi tuliozoea kumwona mzee akiketi barazani kwa mwanawe huenda tukalionea ajabu jambo hilo, lakini hivyo ndivyo ilivyo nchi iliyojengwa na wahamiaji: mtu huweza kuzeeka akiwa ameyaacha makaburi ya wazee wake ng'ambo ya bahari, na asiwe na wa kumfukia. Aliyeishiwa nguvu alikwenda kwenye bodi za sadaka, ambako aliulizwa maswali ya kumdhalilisha kabla ya kupewa chakula kidogo.

Hata polisi wa nchi hiyo hawakuwa na pensheni ya hakika. Askari mzee, asiyeweza tena kumfukuza mwizi, alibaki kazini kwa kuwa akivua sare hakuwa na pa kwenda. Na wakubwa wake walimvumilia kwa kuona haya kumtupa.

Wazo la kuwatunza wazee kwa sheria halikuanza kwa Seddon. Mwaka 1882 Harry Atkinson alipendekeza bima ya taifa ambayo kila mtu angelazimika kuichangia, na pendekezo lake likapuuzwa. Ujerumani ilikuwa imepitisha sheria ya bima ya uzee mwaka 1889, na Denmark ikafuata mwaka 1891 kwa msaada uliotolewa na serikali kwa wazee maskini. Seddon alichagua njia iliyofanana zaidi na ile ya Denmark: fedha zitoke katika hazina ya nchi, bila ya mzee kudaiwa mchango.

Mwaka 1896 muswada wake ulikwama katika Baraza la Wawakilishi. Mwaka 1897 ulipita hapo, lakini Baraza la Juu, ambalo wajumbe wake waliteuliwa, likaukataa. Mwaka 1898 akaurudisha kwa mara ya tatu.

Upinzani uliongozwa na Kapteni William Russell, aliyewahi kuwa ofisa katika jeshi la Kiingereza. Wapinzani waliyajua matumizi ya kanuni za Bunge, na walikusudia kuuchosha muswada hadi ufe. Katika kamati walisimama mmoja baada ya mwingine, usiku na mchana, wakiuliza. Fedha zitatoka wapi? Je, mlevi aliyetapanya mali yake atalipwa sawasawa na mtu aliyejinyima? Je, vijana hawataacha kuweka akiba wakijua kwamba serikali itawalisha? Na kwa nini wazee wasichangie kwanza?

Maswali hayo hayakuwa ya kipuuzi, na yangali yakiulizwa leo. Seddon, ambaye tangu mwaka 1896 alishika pia wizara ya fedha, hakuwa na waziri mwingine wa kumsukumia swali la hesabu. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa, na alijua kukesha. Hoja yake kuu iliandikwa katika utangulizi wa sheria yenyewe: kwamba mtu aliyetumia ujana wake kulipa kodi na kuifungua nchi kwa jasho na ujuzi wake anastahili kulipwa na nchi hiyo uzeeni. Kwa maneno mengine, mchango ulikwisha kutolewa, tena kwa sururu.

Tarehe 1 Novemba, 1898, muswada ukawa sheria. Mzee wa miaka 65, mwanamume au mwanamke, aliyekaa nchini miaka 25, aliweza kupata pauni 18 kwa mwaka, yaani shilingi 30 kila mwezi, akizipokea posta. Mwenye pato au mali zaidi ya kiasi kilichowekwa alipunguziwa au kunyimwa. Kabla ya kulipwa ilimbidi asimame mbele ya hakimu, mahakamani, hadharani, aulizwe umri wake, mali yake na mwenendo wake: kama aliwahi kufungwa kwa kosa kubwa, kama aliitelekeza familia yake, kama ni mlevi. Kwa hiyo maswali ambayo Seddon aliyajibu Bungeni, wazee nao wakayajibu mmoja mmoja. Kwa maoni yetu hapo ndipo sheria ilipojipinga yenyewe, kwani anayedai haki yake hapaswi kwanza kuthibitisha kwamba ni mtu mwema.

Hata hivyo kufikia mwisho wa Machi 1899 wazee zaidi ya 7,000 walikuwa wamekubaliwa. Mwaka huohuo, baada ya tume kuchunguza hali ya polisi, ikapitishwa sheria ya mfuko wa akiba ya polisi, ambao askari waliuchangia kutoka katika mishahara yao ili wapate kustaafu kwa heshima. Ni mwaka huo pia Seddon alipolishawishi Bunge kupeleka askari katika vita vya Afrika Kusini. Katika jambo hilo maswali yalikuwa machache mno. Wabunge watano tu ndio waliopinga. Kuzipata pauni 18 za mzee kulichukua miaka mitatu, bali kupeleka vijana vitani kulichukua siku moja.

Mwaka 1905 malipo yaliongezwa kufikia pauni 26. Mwaka uliofuata Seddon alizuru Australia, na akiwa njiani kurudi katika meli ya Oswestry Grange, tarehe 10 Juni, 1906, moyo wake ulisimama ghafla. Meli ikageuza kurudi Sydney na maiti yake. Alizikwa Wellington.

Wamaori, wenyeji wa nchi, waliruhusiwa na sheria yake, lakini wengi walishindwa kuthibitisha umri kwa kukosa vyeti vya kuzaliwa, na sehemu zao katika ardhi ya ukoo zilihesabiwa kuwa ni mali. Wachina waliwekwa nje kabisa, hata waliochimba dhahabu bega kwa bega na wateja wa duka la Seddon. Zuio hilo liliondolewa mwaka 1936, wakati wachimbaji wa Kichina wa enzi za Kumara walikuwa karibu wote wamekwisha kuzikwa.