Tom Mboya, bwana afya wa Eastlands

Vijana wetu wengi hapa Pwani wakisikia jina la Tom Mboya hukumbuka mambo mawili: ndege zilizowapeleka wanafunzi Marekani, na risasi iliyomuua Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Mimi leo nataka kuizungumzia kazi yake ya kwanza, maana inatuhusu sisi wa Kisauni na Mtwapa kuliko tunavyodhani. Mboya alianza akiwa bwana afya.

Alizaliwa mwaka 1930 karibu na Thika, katika shamba la mkonge, baba yake akiwa mtu wa Rusinga aliyefuata riziki huko. Baada ya shule za Wakatoliki aliingia Nairobi mwaka 1948 kusomea ukaguzi wa afya, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Baraza la Jiji likamwajiri. Mshahara wake ulikuwa mdogo sana kuliko wa Mzungu wa kazi ile ile.

Bwana afya huingia uani. Huangalia maji, vyoo, takataka, na idadi ya watu wanaolala chumba kimoja. Nairobi wakati huo ilikuwa na watu kama 119,000, na Waafrika walisukumwa upande wa mashariki: Pumwani, ambako Waislamu wa Majengo walijenga nyumba za Kiswahili kama zetu, kisha Shauri Moyo, Kaloleni, na Ziwani alikokaa Mboya mwenyewe. Mkoloni alimwona Mwafrika kuwa mpita njia mjini: mwanamume anayehitaji kitanda tu, halafu arudi kwao. Vyumba vingi vilijengwa kwa hesabu hiyo. Lakini watu walileta wake zao, wakazaa, wakapokea ndugu kutoka kijijini. Chumba cha mtu mmoja kikawa nyumba.

Kutoka hapo Mboya akaingia vyama vya wafanyakazi. Hoja yao ilikuwa mshahara umtoshe mtu na familia yake, si tumbo lake peke yake. Wafanyakazi wa bandari walipogoma Mombasa mwaka 1955, alikuja huku kusimamia mazungumzo, na nyongeza ikapatikana. Mwaka 1957 watu wa Nairobi wakampeleka bungeni.

Desemba 1964 akawa Waziri wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi. Wizara yake ikaleta wataalamu kuchunguza ongezeko la watu, na mwaka 1967 Kenya ikaanza mpango wa kitaifa wa uzazi, mapema kuliko nchi jirani. Jambo hilo lina mjadala misikitini na makanisani hadi leo, na si nia yangu kuliamua hapa. Ninaloshika mimi ni kwamba yule bwana afya alitaka serikali ijue wangapi wanakuja kabla hawajafika.

Hakuishi kuiona hesabu. Sensa ilifanyika Agosti 1969, wiki saba hivi baada ya kuuawa kwake akiwa na miaka 38. Nairobi ilikutwa na watu 509,286. Mwaka 1979 wakawa 827,775, na mwaka 2019 wakafika milioni 4.4. Eastlands ikatambaa: Buruburu, Umoja, Dandora, Kayole, mpaka magorofa ya Pipeline yaliyobanana hata jua halifiki chini.

Sasa tujitazame. Sensa ya 2019 iliikuta Mombasa na watu milioni 1.2, na mji umeshavuka mipaka ya kaunti. Ploti zinakatwa kila wiki, nyumba inatangulia, barabara na mfereji wa majitaka vinangojwa miaka. Kisima cha huyu kiko hatua chache na shimo la choo la yule, kisha kipindupindu kikija tunaulizana kimetoka wapi.

Kwa hivyo, ndugu zangu, kaunti zikituita kutoa maoni juu ya bajeti, twendeni. Tuulize mtaa mpya umehesabiwa familia ngapi. Shule iko wapi, zahanati iko wapi, maji yatatoka wapi, na ardhi ya maziara imetengwa au imeshauzwa. Na tudai mabwana afya waajiriwe wa kutosha, wapite kukagua kabla fundi hajamwaga zege, maana nyumba ikishaingia watu, kuibomoa ni kuwatesa wasio na kosa.